Tabaka la chini: neno lililomsimamisha mzee wa Rusinga

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Mbita, ambaye huwatembeza wageni kisiwani Rusinga, katika Ziwa Victoria, na kuwaandikia maelezo kwa Kiswahili. Nimelifupisha hivi:

"Mwalimu, salamu. Nilipewa karatasi ya Kiingereza kuhusu mawe na mifupa ya kale ya kisiwa chetu niigeuze iwe ya Kiswahili. Neno lililonisumbua ni substrata. Kamusi iliniambia 'tabaka la chini', nami nikaandika: 'Mifupa hii ilitoka katika tabaka la chini la kisiwa.' Mzee mmoja wa pale alipoisoma alinyamaza, kisha akaniuliza kama mababu zake ndio hao watu wa tabaka la chini. Niliona haya. Naomba unieleze neno tabaka lina maana gani hasa, lilitoka wapi, na niandike nini. Tena, ule mji wa Tabaka kule Kisii wanakochonga mawe, jina lake ndilo neno hili hili?"

Binti yangu, kamusi haikukudanganya, na mzee naye alisoma kilichoandikwa. Sentensi yako inabeba maana mbili, na kwa msomaji wa leo ile usiyoikusudia ndiyo humjia kwanza. Tabaka limetumika mno kuhusu watu. Mtu akisikia "tabaka la chini" redioni, anajua habari inayofuata ni ya bei ya unga, karo na kodi ya nyumba. Sasa ukimwandikia "tabaka la chini la kisiwa" mtu ambaye ukoo wake umezikana humo vizazi na vizazi, hataona mawe. Atajiona yeye.

Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, tabaqa, lenye ile t nzito ya mwanzo na ile q ya kooni. Mzizi wake ni t-b-q, na wazo lililo ndani ya mzizi huo ni kufunika kitu kwa kitu kinacholingana nacho, vikakaa pamoja ukingo kwa ukingo. Kutokana na mzizi huo Waarabu wana tabaq, yaani sahani au sinia, na kifuniko pia. Wana mutabaqa, kulingana kwa kitu na kitu. Wana mutabbaq, mkate mwembamba unaokunjwa juu ya vitu vya ndani na kukaangwa, ambao hupatikana katika miji mingi ya Waislamu kando ya Bahari ya Hindi. Kiswahili nacho kina kitenzi tabiki, kushikamana na kitu kabisa. Siku hizi hukisikii sana, lakini ni ndugu wa damu wa tabaka.

Nieleze kwa jikoni, maana huko ndiko nilikolielewa neno hili vizuri kuliko kwenye kamusi yoyote.

Jirani yangu hapa Kondele, mjini Kisumu, hupika chapati za kuuza asubuhi. Akishakanda unga na kuuacha ulale, hukata donge, hulisukuma likawa duara, kisha hupaka mafuta juu yake kwa kijiko, akisambaza mpaka pembeni. Halafu huuviringa ule unga kama mkeka, akaushika ncha na kuuzungusha mpaka ukajikunja kama konokono. Huo huachwa upumzike tena. Ukisukumwa mara ya pili, kwa macho ni duara moja tu, hakuna anayeweza kusema umekunjwa mara ngapi. Ni motoni ndipo siri hutoka. Chapati hufura, na ukiichana pembeni inafunguka vipande vyembamba kama karatasi, kimoja juu ya kingine. Siku moja mafuta yalimwishia akatengeneza nusu ya madonge bila kuyapaka. Zile hazikufunguka. Unga ulikunjwa vile vile, ila ulirudi ukawa kitu kimoja.

Hapo ndipo maana ya tabaka ilipo. Lazima kiwe kitu kinachokaa juu ya kingine na kulingana nacho, na lazima kisiwe kitu kimoja nacho. Kikikosa kulingana, ni rundo tu. Kikikosa mpaka, ni donge. Ndiyo maana rundo la kuni hatuliiti matabaka hata likiwa refu namna gani, na ugali hauna matabaka hata ukiwa mnene.

Angalia tena: katika mzizi wa neno hili hakuna chini. Kwa Waislamu mahali panapojulikana zaidi pa mzizi huu ni mbinguni. Sura ya Al-Mulk, aya ya 3, inazungumzia mbingu saba zilizoumbwa moja juu ya nyingine, na neno lililotumika ni tibaqan. Mtoto wa madrasa wa Kaloleni au wa Mumias hukutana na matabaka ya mbingu kabla hajasikia kabisa habari ya matabaka ya ardhi. Kwa hiyo tabaka peke yake halipandi wala halishuki. Chini tumeliongeza sisi, na nitalirudia neno hilo chini baadaye kwa sababu nalo lina mambo yake.

Maana ya watu haikuzuka juzi. Wanazuoni wa Kiarabu waliwapanga watu kwa tabaka tangu zamani, ila walimaanisha vizazi. Ibn Saad, aliyefariki mwaka 845, alikusanya habari za masahaba wa Mtume na waliowafuata, na kitabu chake kikaitwa kwa neno hili hili, Tabaqat. Tabaka la kwanza lilikuwa la waliotangulia, kisha waliowafuata, kisha waliowafuata hao. Kutangulia ndiko kulikokuwa heshima. Kwamba tabaka la watu lipimwe kwa mali, kwa nani ana kiwanda na nani ana mikono yake tu, ni matumizi ya siasa za karne mbili hizi. Kwetu Afrika Mashariki yalienea sana kwa Kiswahili cha Tanzania, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilizungumza waziwazi juu ya nchi isiyo na tabaka la wanaofanya kazi na tabaka la wanaoishi kwa jasho la wengine. Maneno hayo yalivuka mpaka kwa redio, magazeti na vitabu vya shule. Sisi wa umri wangu tuliyapokea yakiwa yameshapangwa: tabaka la juu, la kati, la chini. Ndivyo neno la kulingana lilivyogeuka kuwa neno la kupitana.

Sasa tuje kwenye substrata, kwa sababu hilo halikuzaliwa pamoja na tabaka na halisemi kitu kile kile.

Ni neno la Kilatini. Kitenzi ni sternere, na Kiswahili chake hakihitaji kutafutwa mbali: kutandika. Kutoka hapo Warumi walipata stratum, kitu kilichotandikwa. Waliliita hivyo shuka la kitanda. Waliliita hivyo pia tandiko la mgongoni mwa farasi, na sakafu au njia iliyotandikwa mawe. Sub ni chini. Kwa hiyo substratum ni kilichotandikwa chini ya kingine, na substrata ni wingi wake.

Nilipoligundua jambo hili miaka mingi iliyopita niliweka kalamu chini. Waswahili, bila kumuuliza Mrumi, walifuata njia ile ile moja kwa moja. Tunatandika kitanda, na vinavyotandikwa tunaviita matandiko. Tunatandika mkeka. Tunamtandika punda, na kile kinachomkaa mgongoni kinaitwa tandiko. Huko Nakuru nilikokulia punda ni wengi, wa mkokoteni na wa kubeba mitungi ya maji. Nilipokuwa mdogo nilimwona mzee mmoja akimwandaa punda wake kila alfajiri. Kwanza alikunja gunia kuukuu mara mbili, akalilaza mgongoni, akalipapasa kwa kiganja kuondoa mikunjo, akapitisha kidole chini yake kuhakikisha hakuna mwiba wala nyasi iliyokatika. Alichukua muda mrefu kwa gunia lile kuliko kwa mitungi yote minne. Aliyepita njiani aliona mitungi tu, na lile gunia hakuna aliyelitazama. Lakini likikaa vibaya, punda hutoka kidonda na mzigo haufiki.

Gunia lile ndilo substratum. Ni kitu kilichotangulia kulazwa ili kingine kije juu yake, na ambacho baada ya hapo hakionekani.

Unaiona tofauti? Tabaka latazama kitu kikiwa kimefunika kingine na kulingana nacho, bila kujali kipi kiko wapi. Tandiko latazama kutoka chini, kutoka kwa kile kilichobeba. Kamusi nyingi zikikutana na substratum huandika "tabaka la chini", na si kosa, lakini zinachukua neno la kufunika na kulilazimisha libebe. Wanafalsafa walilitumia neno hilo la Kilatini kwa wazo la Aristotle la kitu kinachobaki chini ya mabadiliko yote, kama shaba inayobaki shaba hata ikiwa sanamu leo na sufuria kesho. Huko nako kubeba ndiko kunakohesabika.

Kwa mawe, mambo ni wazi zaidi. Nicolas Steno wa Denmark aliandika mwaka 1669 kanuni ambayo jiolojia yote imeiegemea: kama miamba imelala kwa matabaka na haijapinduliwa, lililo chini lilitangulia kulala, lililo juu ni la baadaye. Kwa maneno mengine, ardhini chini ni ukubwa wa umri. Aliye chini ndiye mzee.

Chini ya Menengai, mlima wa volkano wa Nakuru, tulipochimba choo nyumbani niliiona kanuni hiyo kabla sijajua kuwa ina mwenyewe. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Hakusema tabaka hata mara moja. Alisema "udongo umebadilika." Juu palikuwa na udongo mweusi wenye mizizi. Kisha jembe likaingia kwenye kitu cha kijivu chepesi kama unga wa jivu, akasema umebadilika. Kisha vikaja vijiwe vyeupe vyenye matundu matundu, tukavitupa kwenye ndoo ya maji vikaelea, na sisi watoto tukashangaa jiwe gani hilo lisilozama. Fundi aliposimama mle ndani kifuani mwake palikuwa na mstari wa kijivu, kiunoni mwake mstari mweupe, na kila mstari ulikuwa na ukingo ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Vile vijiwe vinavyoelea ni mawe ya volkano yaliyojaa hewa. Mlima ule ulikuwa umetandika ardhi yetu mara kadhaa kabla hajazaliwa mtu wa kuipa jina.

Rusinga kwako ni hivyo hivyo, ila umri ni mwingine kabisa. Majivu na mawe yaliyojenga sehemu kubwa ya kisiwa hicho yalitoka kwenye volkano ya Kisingiri, ambayo mabaki yake ni milima unayoiona upande wa Gwassi. Volkano ilitulia, ikarusha, ikatulia tena. Wakati wa utulivu miti iliota, wanyama wakatembea, mito ikapita. Ikirusha, vyote vikafunikwa. Ndiyo maana Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, aliweza kuliona pale, mwaka 1948, fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani wakubwa wasio na mkia aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Fuvu halikukaa "chini ya kisiwa". Lilikaa kati ya majivu na majivu, kama kitu kilichowekwa ndani ya chapati. Jambo hili litakusaidia tutakapofika kwenye sentensi yako.

Lakini swali la mzee halijanitoka, kwa sababu kuna maana ya tatu ya tabaka la chini, na hiyo inamhusu yeye kweli.

Wanaisimu walilichukua neno substratum wakalipeleka kwenye lugha. Mtu ambaye jina lake hutajwa sana hapo ni Graziadio Ascoli, Mwitaliano wa karne ya 19. Wazo lake ni hili: jamii ikiiacha lugha yake na kuchukua nyingine, ile ya kwanza haiondoki yote. Hubaki chini ya ile mpya, ikaonekana kwenye matamshi, kwenye majina ya mahali, kwenye namna ya kupanga maneno.

Sasa tazama kisiwa chako. Wazee wa Rusinga na Mfangano wengi ni Abasuba, watu wa asili ya Kibantu waliofika ziwani wakitoka upande wa Uganda. Kizazi baada ya kizazi, kwa kuoana, kwa biashara ya samaki, na kwa shule na makanisa yaliyotumia Dholuo, yaani lugha ya Waluo, nyumba nyingi zikaanza kuzungumza Dholuo. Mgeni akifika leo anasikia Dholuo sokoni na kudhani ndiyo yote iliyopo. Ila majina hayakuhama. Dholuo haina viambishi vya ngeli mwanzoni mwa maneno kama lugha zetu za Kibantu, wingi wake hufanyika mwishoni: kom ni kiti, kombe ni viti. Lakini jina Rusinga linaanza na ru-, kiambishi kile kile ambacho Wabukusu hutamka lu- wanaposema lulimi, ambao ndio ulimi wetu. Mfangano linaanza na m-. Tena ukienda bara, kwenye maeneo ya Waluo, utakutana na Ka- ya kwa fulani: Kanyamwa, Kabondo, Karachuonyo. Ukivuka kwenda visiwani unapokewa na Wa-: Waware, Wakula, Wakinga. Huhitaji kuwa msomi kuona kwamba aliyeyapa maeneo hayo majina alifikiri kwa lugha nyingine.

Huo ndio mstari wa kijivu ukutani mwa shimo. Hapo udongo umebadilika.

Kwa hiyo mzee alipokuuliza kama mababu zake ni tabaka la chini, kwa maana ya mwanaisimu jibu ni ndiyo, na ni ndiyo yenye heshima. Ni wao waliotandika. Wengine waliokuja wamekaa juu ya majina yao. Sisemi jambo hili ili kupoza maumivu: lugha kuwa chini ya nyingine mara nyingi humaanisha kuna watoto walioacha kuelewana na bibi zao, na kwa Kisuba hilo limetokea katika nyumba nyingi. Lakini tukiwa na neno moja kwa mtu asiye na kitu na kwa mtu aliyeweka msingi, lazima tujitahidi kuyatenganisha tunapoandika.

Hali hii haiko kwa Abasuba peke yao. Hapa Kisumu utamsikia mtu akisema "samba" akimaanisha shamba, "sida" akimaanisha shida. Wengine huona ni uzembe wa ulimi. Si uzembe. Dholuo haina sauti ya sh, na ulimi uliolelewa kwa Dholuo huipokea sh ya Kiswahili kwa kitu kilicho karibu nayo zaidi, yaani s. Lugha ya mama imetandikwa kwanza, Kiswahili kimelala juu yake kikafuata umbo lake.

Na neno letu lenyewe lilipitia jambo hilo hilo. Kiarabu kina t nzito na q ya kooni, ulimi wa Kibantu wa pwani hauna. Tabaqa ilipofika ikalainika ikawa tabaka. Sadaqa ikawa sadaka, daqiqa dakika. Talaq iliishia kwa konsonanti, na silabi zetu hupenda kuisha kwa vokali, basi tukaipa a ikawa talaka. Qalam ikawa kalamu. Kila moja ya hayo ni Kiarabu kilicholala juu ya matandiko ya Kibantu na kuchukua mikunjo yake. Unaposema tabaka, k yake ya mwisho ni alama ya tabaka la chini.

Nilisema nitarudi kwenye chini. Hilo si la Kiarabu hata kidogo. Ni ukoo mmoja na nchi, yaani ardhi, pamoja na -ni ile ile ya nyumbani na sokoni. Chini ni "penye nchi". Basi tazama maneno matatu ya kamusi yako, tabaka la chini: la kwanza lilikuja na merikebu, na la tatu ni la udongo wenyewe. Katikati kuna la, kijineno cha herufi mbili kinacholiambia lile la kwanza limo katika ngeli gani na lipatane vipi na lingine. Wanaodai Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa wamehesabu mitungi na hawakuangalia gunia. Maneno ya Kiarabu ni mengi, nayapenda na ninayafundisha, lakini yote yamekaa juu ya sarufi ya Kibantu, na sarufi hiyo ndiyo inayoyabeba.

Kuhusu Tabaka ya Kisii, sitafunga ndoa hiyo. Ni kweli pale huchimbwa lile jiwe laini la kuchongea, la rangi ya maziwa na ya waridi, na ni rahisi kuvutiwa na wazo kwamba mji umeitwa kwa jinsi jiwe linavyolala. Lakini majina mawili kufanana sauti si ushahidi. Kiswahili kina tabakero, kikopo cha ugoro, linalofanana na tabaka karibu herufi kwa herufi, nalo limetokana na Kireno na tumbaku. Tabia nayo inafanana, na mzizi wake ni wa kupiga chapa. Jina la mahali katika nchi ya Abagusii huulizwa kwanza kwa Ekegusii, kwa wazee wa mahali hapo. Usiliweke kwenye karatasi yako kwa sababu tu linapendeza wageni.

Basi uandike nini?

Kwa mawe, tumia wingi, na utaje mawe kabla ya yote. "Matabaka ya miamba" hayawezi kumdhuru mtu. Balaa liko kwenye umoja, tabaka la chini, likifuatwa na jina la mahali wanapoishi watu. Na chini ikihitajika, itenge na tabaka: badala ya "tabaka la chini", sema "matabaka yaliyo chini yake" au "yaliyotangulia kulala". Upatanisho mzuri ni tabaka la, matabaka ya. Utakuta maandishi ya zamani kidogo yenye tabaka ya na tabaka za, usiyacheke, ila usichanganye yote mawili katika ukurasa mmoja.

Kwa lugha, mimi binafsi naandika "lugha ya msingi" wasomaji wakiwa wa kawaida, na darasani hutumia "lugha tandiko". Wenzangu kadhaa hawaipendi, wanaona inanuka kitanda. Mimi naona inasema kile hasa ambacho Mrumi alisema, kwa neno ambalo mwenye punda wa Nakuru analijua.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Mifupa hii ilihifadhiwa ndani ya matabaka ya majivu ya volkano ya Kisingiri, yaliyotandikwa hapa takriban miaka milioni 18 iliyopita. Miamba iliyo chini ya matabaka hayo ni ya kale zaidi." Ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini mgeni ataelewa mifupa ilikaa katikati ya nini, nani alitangulia nani, na hakuna mkazi wa Rusinga atakayejikuta ndani yake.

Kabla hujaipeleka kuchapwa, rudi kwa yule mzee, umwamkie, umsomee kwa sauti. Kisha mtembee wote wawili mpaka pale kilima kilipokatika ukuta wa mistari unaonekana, umuulize bibi yake aliuitaje mwamba ule wa kijivu kwa Kisuba, na mweupe, na ule mwekundu ulio chini kama upo. Andika anavyotamka, herufi kwa herufi, usimsahihishe. Majina hayo yaweke kwenye karatasi kwanza, na matabaka yangu yafuate.